Kabla ya kuchagua rangi ya kaunta ya jikoni, uliza jiwe litakatiwa wapi

Jumamosi hiyo nilikwenda Kibaha kwa dada yangu kumsaidia kupanga vyombo. Nyumba mpya ilikuwa imekamilika, imebaki kaunta ya jikoni tu, na fundi alikuwa ameahidi kuimaliza siku hiyo hiyo kabla ya mchana.

Kabla sijafika mlangoni nilisikia mlio wa grainda. Nilipoingia, sebule nzima ilikuwa kama imemwagiwa unga wa ngano. Makochi, pazia, feni, kila kitu cheupe. Mtoto wa dada mwenye miaka minne alikuwa ameketi sakafuni, anachora gari kwa kidole juu ya vumbi.

Fundi alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, hatua tatu tu kutoka mlango wa jiko, akikata tundu la sinki kwenye slabu ya jiwe. Kijana wake msaidizi, ambaye kwa kumtazama hajafikisha miaka 20, alikuwa ameshikilia jiwe huku amejifunga fulana puani. Mama yetu naye alikuwa amekaa pembeni, anachambua mchele.

Nilimwomba fundi azime mashine kwanza, tuzungumze.

“Dada, vumbi hili sisi tumeshalizoea,” akaniambia. Kisha akakohoa, akageukia pembeni, akakohoa tena.

Naandika habari za afya, kwa hiyo kikohozi kile hakikunipita hivi hivi. Nilimuuliza amekuwa nacho tangu lini. Akasema ni cha siku nyingi, kinakuja na kuondoka. Alishapimwa makohozi kwa hofu ya kifua kikuu, hakikuonekana kitu, akapewa dawa akarudi kazini. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, na yeye hakuona sababu ya kusema.

Familia nyingi zinazojenga hutumia hata wiki mbili kuchagua rangi ya kaunta. Wachache sana hutumia dakika moja kuuliza jiwe hilo litakatiwa wapi, na kwa namna gani. Ukweli ni kwamba jiwe likishafungwa na kusafishwa, halina tatizo kwa familia. Hatari yake kubwa ipo siku linapokatwa, na mtu anayebeba hatari hiyo ni fundi na msaidizi wake.

VUMBI HILO LINA NINI?

Mawe mengi yana madini yanayoitwa silika. Ni madini yale yale yaliyo kwenye mchanga. Jiwe likiwa zima, silika imetulia ndani yake na haimdhuru mtu.

Likikatwa, likichongwa au likisuguliwa bila maji, silika hutoka kama vumbi jembamba mno. Chembe zinazoingia ndani kabisa ya mapafu ni ndogo angalau mara 100 kuliko chembe ya mchanga wa ufukweni. Huwezi kuziona kwa macho. Lile vumbi jeupe unaloliona kwenye makochi ni sehemu nzito tu iliyotua. Lile jepesi hubaki hewani kwa muda mrefu baada ya mashine kuzimwa.

Chembe hizo zikifika mapafuni hukaa. Mwili hujaribu kupambana nazo bila mafanikio, na mahali zilipo panatokea makovu. Miaka inavyokwenda makovu yanaongezeka, mapafu yanakuwa magumu, na mtu anaanza kukosa pumzi. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi.

Kuna mawili zaidi ambayo mzazi anapaswa kuyajua. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka silika ya aina hii katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pia, mtu mwenye silikosisi yupo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu kuliko mtu mwingine.

Kwa Watanzania hili si geni kabisa. Wachimbaji wa migodini wamekuwa wakiambiwa kuhusu vumbi na kifua kikuu kwa miaka mingi. Ambalo wengi hatujalifikiria ni kwamba vumbi la aina hiyo sasa linatengenezwa pia kwenye vibaraza vyetu, karibu na sufuria na watoto.

KWANZA JUA UNACHONUNUA

Dukani kuna mkanganyiko wa majina. Neno “marumaru” wengine hulitumia kwa jiwe lenyewe la asili, na wengine hulitumia kwa vigae vya kawaida vya kiwandani. Usikubali jina peke yake. Muulize muuzaji kama ni jiwe la asili, jiwe la kiwandani au kigae, na akuonyeshe upande wa ubavu uliokatwa, si uso uliong’arishwa tu.

Graniti ni jiwe la asili, gumu, lenye madoadoa. Linavumilia joto la sufuria na halichubuki kwa urahisi. Kiasi cha silika ndani yake hutofautiana, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 45. Lina vinyweleo vidogo, hivyo linahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, ambayo mafundi huiita sila.

Marumaru ya asili ina silika kidogo sana. Inapendeza, hasa nyeupe. Tatizo lake ni tindikali. Ndimu, siki, ukwaju na hata maji ya nyanya vinaila na kuiachia alama zisizotoka kwa kufuta.

Jiwe la kiwandani, ambalo wauzaji huliita kwatzi, hutengenezwa kwa kusaga mawe na kuyashikamanisha kwa gundi ya plastiki. Halinyonyi maji na madoa huyashinda kirahisi, ndiyo maana linapendwa. Lakini gundi hiyo haipendi joto kali, hivyo sufuria iliyotoka jikoni inaweza kuacha alama. Na hapa ndipo penye jambo kubwa la afya, kwa kuwa silika ndani yake inaweza kuzidi asilimia 90.

Terazo tunaijua tangu enzi za babu. Ni saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, ikasuguliwa mpaka ing’ae. Ni imara na inatengenezwa hapa hapa. Nayo huathiriwa na ndimu, na inapaswa kusuguliwa kwa maji, si kavu.

Vigae juu ya zege ndiyo kaunta ya nyumba nyingi za Tanzania, na hakuna aibu ndani yake. Kazi yake kubwa ni kusafisha mistari kati ya kigae na kigae, kwa sababu mafuta na mabaki ya chakula hujificha humo. Ukichagua vigae vikubwa, mistari inapungua. Kumbuka tu kuwa kigae nacho kikikatwa kavu kinatoa vumbi lenye silika.

WENZETU YALIWAKUTA NINI?

Jiwe la kiwandani lilipopata soko kubwa duniani, vijana wengi waliajiriwa kulikata. Baada ya miaka, hospitali za nchi mbalimbali, zikiwemo Israel, Hispania, Australia na Marekani, zikaanza kupokea mafundi wa kaunta wenye mapafu yaliyoharibika. Hawakuwa wazee waliokaa migodini miaka 30. Wengi walikuwa watu wa umri wa kulea watoto.

Mwaka 2023 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha taarifa za wagonjwa 52 wa silikosisi wa jimbo la California nchini Marekani, wote wakiwa wanaume waliofanya kazi ya kukata mawe ya kaunta. Umri wa kati wa kundi hilo ulikuwa miaka 45. Kumi kati yao walikuwa wameshafariki. Karibu wote walikuwa wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini.

Australia iliamua kulifungia mlango kabisa. Kuanzia Julai 1, 2024 ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga kaunta za jiwe la kiwandani. Ni nchi ya kwanza duniani kuchukua hatua hiyo.

Hapa kwetu jiwe hilo linauzwa, na wateja wanaongezeka kadiri majiko ya kisasa yanavyoongezeka. Sisemi usilinunue. Nasema ukilinunua, ujue kwamba kulikata kavu kwenye kibaraza ni hatari zaidi kuliko kukata graniti kwa namna hiyo hiyo.

JARIBIO LA NDIMU NA TONE LA MAJI

Dada yangu mwanzoni alitaka marumaru nyeupe kama aliyoiona kwenye picha. Muuzaji alimpa kipande kidogo cha mfano aende nacho nyumbani. Nakushauri nawe ukiombe, wauzaji wengi wana vipande vilivyobaki.

Alikamulia ndimu juu yake, akaacha kwa robo saa, akafuta. Pale palipokaa ndimu pakawa pamefifia, kama kioo kilichopigwa na mvuke. Katika nyumba ambayo kachumbari inakatwa kila siku, jibu lilikuwa limepatikana. Akachagua graniti ya kijivu.

Kwa graniti, fanya jaribio la maji. Weka matone machache, subiri dakika 10 hadi 15, kisha futa. Kama palipokaa maji pamekuwa peusi zaidi, jiwe linanyonya na linahitaji sila kabla ya kuanza kutumika. Ukiishi nalo, rudia jaribio hilo mara moja kwa mwaka. Siku maji yakianza kuzama, ni wakati wa kupaka tena.

Kuna wazazi huuliza kuhusu mionzi ya graniti. Ni kweli baadhi ya mawe ya graniti yana chembe kidogo za madini yenye mionzi. Lakini kinachotoka kwenye kaunta kwa kawaida ni kidogo, na jiko lenye dirisha linalofunguka halina sababu ya kukunyima usingizi. Hofu yako ielekeze kwenye vumbi.

KIMO, UZITO NA KONA

Kaunta nyingi hujengwa kwa kimo cha sentimita 90. Si sheria. Simama wima, kunja kiwiko, pima kutoka kiwiko hadi sakafu, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Hicho ndicho kimo kinachomfaa mpishi wa nyumba hiyo. Kaunta ndefu mno huchosha mabega, fupi mno huumiza kiuno, na anayekanda unga wa chapati kila jioni atalijua hilo ndani ya mwezi mmoja.

Uzito nao usiuchukulie poa. Graniti yenye unene wa sentimita 3 ina takriban kilo 80 kwa kila mita moja ya mraba. Kaunta ya urefu wa mita tatu na upana wa sentimita 60 inakaribia kilo 145, karibu sawa na mifuko mitatu ya saruji. Kabati za mbao laini zisizo na nguzo za kutosha hazitaubeba mzigo huo bila kupinda, na kabati likipinda jiwe linapasuka, mara nyingi pale penye tundu la sinki.

Kama unataka sehemu ya kaunta itokeze nje ili watu wakalie viti vya juu, hapo pawe na mhimili. Kwa kawaida jiwe la sentimita 3 lisitokeze zaidi ya sentimita 25 bila kushikiliwa, na la sentimita 2 lisizidi 15. Mtoto ataning’inia hapo. Si kama, ni lini.

Kona nazo ziangalie kwa macho ya mtoto. Kaunta ya sentimita 90 ipo usawa wa kichwa cha mtoto wa miaka mitatu anayekimbia. Mwambie fundi azungushe kona zote zilizo wazi na kuua makali ya ukingo. Kazi hiyo ifanyike huko huko karakana, kwa sababu kusugua ukingo ndiko kunakotoa vumbi jembamba zaidi.

Slabu zikifika nyumbani kabla ya siku ya kufungwa, zisiegeshwe ukutani mahali watoto wanapocheza. Slabu moja ikianguka, mtoto hawezi kuikwepa na mtu mzima mmoja hawezi kuinyanyua.

SWALI LA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Swali lenyewe ni fupi: “Mtalikata wapi, na mtatumia maji?”

Jibu unalolitaka ni kwamba fundi atakuja kupima nyumbani, atachukua vipimo vya kaunta, sinki na jiko la gesi, kisha jiwe litakatwa, litatobolewa na kusuguliwa karakana kwenye mashine inayotiririsha maji. Maji huliloanisha vumbi likaanguka chini kabla halijaruka hewani. Nyumbani jiwe linakuja likiwa tayari kulazwa.

Kwa hiyo sinki na jiko la gesi vinunue mapema, kabla ya fundi kuja kupima. Familia nyingi hulazimika kukatia nyumbani kwa sababu sinki lilinunuliwa baadaye na tundu likawa dogo. Msingi wa kaunta nao upimwe kwa pimamaji kabla ya vipimo kuchukuliwa, ili jiwe lisije likahitaji kupunguzwa siku ya mwisho.

Akisema atamwagia maji kwenye grainda ya kawaida ya umeme, mkatalie. Mashine hiyo haikutengenezwa kuloa, na fundi anaweza kupigwa na umeme mikononi mwako. Kuna mashine zilizotengenezwa maalumu kwa kukata na maji, na hizo ndizo zitumike, zikiwa zimeunganishwa kwenye swichi ya kinga inayokata umeme haraka.

Ikibaki kazi ndogo ya lazima nyumbani, fanya haya:

Watoto, wazee, mjamzito na mwenye pumu waondoke nyumbani kwa siku hiyo, si kuhamia chumba cha pili tu.

Kazi ifanyike nje kabisa, mbali na milango na madirisha, yakiwa yamefungwa. Mwangalie pia jirani, upepo usimpelekee yeye.

Vyombo, maji ya kunywa na vyakula vifunikwe au vihamishwe.

Fundi na msaidizi wavae barakoa ya kuzuia vumbi ya kiwango cha N95 au FFP2 au zaidi, iliyokaa vizuri usoni. Kanga, fulana na barakoa nyepesi za hospitalini hazizuii chembe hizi. Na barakoa nzuri inaongeza kinga juu ya maji, haichukui nafasi ya maji.

Baada ya kazi usifagie. Ufagio mkavu unalirudisha vumbi hewani. Nyunyizia maji, kisha piga deki na ufute kwa kitambaa kibichi, kuanzia juu kushuka chini. Zima feni mpaka umalize.

Nisikutishe bila sababu. Familia iliyokutwa na vumbi siku moja haipati silikosisi kwa siku hiyo. Inaweza kupata kikohozi, macho kuwasha, na mwenye pumu akabanwa. Silikosisi inatokana na kuvuta vumbi mara kwa mara. Na anayelivuta mara kwa mara ni yule anayetoka kwako leo na kesho yuko kwa mwingine.

KAUNTA IKISHALALA

Mwachie fundi azibe kwa silikoni nafasi kati ya jiwe na ukuta, na kuzunguka sinki. Nafasi hizo zikiachwa wazi maji yanaingia kwenye kabati, ukungu unaota, na mende wanapata makazi.

Jiwe halijisafishi lenyewe. Kuku mbichi na samaki wakatie juu ya ubao, si juu ya kaunta. Ukishamaliza, osha kaunta kwa maji na sabuni ya kawaida ya vyombo, kausha, ndipo uandae kachumbari au matunda. Bakteria wa nyama mbichi hawajali kama kaunta ni ya kifahari.

Usisafishe jiwe la asili kwa ndimu au siki, na usitumie dawa kali za kung’arisha choo. Muhimu kuliko yote, kamwe usichanganye dawa ya kuua vijidudu yenye klorini na siki au ndimu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na jiko dogo lisilo na hewa si mahali pa kulijaribu hilo.

Sufuria ya moto iweke juu ya kibao au kitambaa kinene, hasa kama kaunta yako ni jiwe la kiwandani.

FUNDI WAKO NAYE ANA WATOTO

Silikosisi huanza kimyakimya. Kwa aliyevuta vumbi kidogo kidogo, dalili zinaweza kuchukua zaidi ya miaka 10. Kwa aliyevuta vumbi jingi, zinaweza kuja ndani ya miaka michache. Kwanza ni kikohozi kisichoisha na kuchoka haraka. Baadaye ni kukosa pumzi kwa kupanda ngazi au kubeba ndoo.

Dalili hizo zinafanana na za kifua kikuu, na magonjwa yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana maneno muhimu kuliko yote ambayo fundi anaweza kumwambia daktari ni haya: “Nakata mawe.” Daktari akilijua hilo ataangalia picha ya kifua kwa jicho jingine.

Fundi asirudi nyumbani na nguo za kazi. Azivue huko huko, anawe uso na mikono, avae safi, ndipo apande daladala na kumbeba mwanawe. Nguo hizo zisikung’utwe, ziloanishwe na kufuliwa peke yake.

Kama una fundi unayemwamini, muulize pia kama mwajiri wake amewahi kumpeleka kupimwa kifua. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu mwaka 2003, na wakala wa serikali wa kuisimamia, OSHA, upo. Lakini kibaraza cha nyumba ya mtu hakifikiwi na mkaguzi. Pale mkaguzi ni mwenye nyumba.

Kibaha siku ile kazi ilisimama. Dada yangu hakufurahi, wageni wa kuhamia walikuwa wanakuja Jumatatu. Fundi naye aliona nimemharibia siku. Shemeji ndiye aliyeamua: akalipia gari, slabu zikapelekwa karakana yenye mashine ya maji, na gharama ya kukata ikaongezeka. Msaidizi alilipwa posho yake ya siku, maana kosa halikuwa lake.

Wageni walikuja, wakala pilau kwenye jiko lisilo na kaunta. Jumatano slabu zilirudi zikiwa zimekatwa, kona zimezungushwa, tundu la sinki limekaa sawasawa. Kuzilaza kulichukua saa mbili, bila mlio wa grainda.

Kabla ya kuondoka, nilimwandikia fundi kwenye karatasi maneno mawili ya kumwonyesha daktari: “Nakata mawe.” Aliikunja akaitia mfukoni bila kusema kitu. Wiki mbili baadaye alimpigia dada kuulizia kama sila imekauka vizuri. Mwishoni akaongeza kwamba ameshapigwa picha ya kifua na ametakiwa arudi kuonana na daktari. Na yule kijana wake, akasema, amekwenda naye.